Lenzi Ndefu, Dua Ndefu

Jumamosi, 5 Oktoba

Kwa jina la Mola aliyempa kipepeo mbawa na mwanadamu jicho la kumtazama. Ewe utakayekifungua kitabu hiki baada yangu, uwe mwanangu, mjukuu au mtu baki, nakusalimu salamu ya mwenyeji aliyeketi, si ya mpita njia. Amani iwe juu yako na juu ya waliokutuma usome. Walimu wangu walinifunza kwamba andiko lisilotanguliwa na jina la Mwenyezi Mungu halina baraka. Nimelitanguliza. Linalofuata si jema lote, nalisema mapema ili usije ukanilaumu: nataka kulipiza kisasi.

Mimi ni mwalimu wa dini niliyestaafu. Nimefundisha watoto kusoma, nimeswalia maiti, nimesimama shahidi katika ndoa zisizo na idadi. Magoti yalipoanza kugoma, mwanangu aliye mbali aliniletea kamera na lenzi ndefu, ile ya wanaopiga picha ndege. Wenzangu katika chama cha wapiga picha hutumia lenzi fupi. Humsogelea mdudu hadi pumzi zao zimguse. Mimi husimama mbali, kama mgeni aliyefika nyumba yenye mbwa mkali. Kati ya kamera na lenzi huweka pete, ili iweze kulenga kitu kilicho karibu kidogo, kisha nangoja. Kivuli changu hakimfikii kipepeo, wala hajui kwamba nipo. Huku mimi namwona uso kwa uso: ulimi uliojikunja, unga wa rangi juu ya mbawa, na jicho lililojengwa kwa vijumba vingi mno. Nyuma yake ulimwengu wote unayeyuka na kuwa rangi tupu. Katika uzee wangu sijapata tasbihi tamu kuliko hiyo.

Mwaka jana niliweka katika maonyesho picha ya kipepeo wa manjano aliyetandaza mbawa juu ya jani lenye umande. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye ni daktari wa meno na mwanachama mwenzetu, akasimama mbele ya ukumbi mzima.

"Waheshimiwa, huyu kipepeo ni maiti. Amebandikwa kwa gundi. Mkono wa shemeji yangu unatetemeka hata kwenye kikombe cha chai. Aliye hai angemtulia vipi hivi?"

Watu wakacheka. Picha ikateremshwa ukutani. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Mzee Gundi.

Kicheko kingepita. Lakini mwezi uliofuata baba wa bibi harusi mmoja alinijia, akikunja kofia yake na kuikunjua, akasema, "Mwalimu, usione vibaya. Safari hii shahidi tumempata mwingine." Nikaelewa. Asemaye uongo juu ya mdudu, kwa nini asiseme uongo juu ya binti ya mtu? Hakuna aliyeniita tena tangu hapo. Nimebaki mtu mzima ambaye neno lake halikamilishi ndoa.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Sikutoka.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Nimefuta lenzi. Baada ya alasiri nimemwombea shemeji mabaya, kisha nikataka maghufira, kisha nikamwombea tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jua limechungulia kidogo. Nilipanda darini na miguu mitatu ya kamera nikitafuta kereng'ende juu ya tangi la maji. Kutoka pale dirisha la jiko la shemeji huonekana. Nafsi ikaniambia: geuza lenzi. Nikaigeuza. Nikamwona amesimama anakula mkate mkavu bila kukaa, amevaa soksi tofauti, na makombo yamemganda kwenye ndevu. Nikaona aibu. Kupeleleza majumba ya watu tumekatazwa, wala sikuambiwa kwamba katazo hilo halimhusu mwenye kisasi. Nikairudisha lenzi kwenye tangi. Kereng'ende alikuwa ameshaondoka.

Jumanne, 15 Oktoba

Mdogo wangu amekuja kunitazama. Amekonda, nikadhani ni kazi za nyumba. Hakutaka chai. Alikuja amejaa maneno.

"Kaka, mimi na friji yangu tumeachana."

"Imeharibika?"

"Afadhali ingeharibika! Imekuwa zizi. Natafuta siagi, nashika panzi. Jana nimefungua kopo nikidhani ni iliki, kipepeo ananitazama. Kaganda, miguu juu, kama mzee aliyesusa."

"Anawafanya nini humo?"

"Anawalaza! Akishawakamata anawakunja katika vikaratasi, kama dawa ya unga ya zamani, anawatia baridini. Wakishalegea anawatoa, anawaweka juu ya ua, anawapiga picha pua kwa pua. Hawatikisiki. Baadaye wakipata joto wanaruka zao. Wengine hawaruki." Akacheka, kisha akajizuia. "Usimwambie kuwa nimekwambia. Anasema kila mpiga picha hufanya hivyo."

"Mimi sifanyi."

"Wewe najua hufanyi, Kaka. Wewe hata mbu unamwomba radhi."

Alipoondoka nilishika kalamu. Kumbe alinihukumu kwa kosa analolitenda mwenyewe. Mwizi amemwona mwenzake mlangoni pake mwenyewe, akapiga ukelele.

Jumapili, 20 Oktoba

Alfajiri baada ya mvua kubwa nilimkuta kipepeo mweusi ukutani, baridi imemshika kama jiwe. Nikatega kamera mbali nikamngoja. Jua lilipomfikia, alianza kutetemesha mbawa, mbio mbio, kama mwenye homa. Kisha akaruka. Nimejifunza jambo: kipepeo aliyeganda akipata joto haombi ruhusa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kikao cha chama. Mwenyekiti wetu ni mkunga aliyestaafu, mama aliyewapokea duniani nusu ya wanachama wake, na huwakemea kana kwamba bado wako uchi mikononi mwake.

"Mwaka jana mlinitia aibu," akasema. "Mwaka huu hakuna picha kutoka nyumbani. Mwisho wa mwezi ujao sote tutakutana bustanini, nyuma ya ukumbi, asubuhi, mbele ya watu. Mikoba, chupa za chai na makorokoro yote yatabaki langoni. Mtu ataingia na kamera yake na nguo zake. Tukishafungua, kila mmoja atatafuta mdudu wake vichakani, na adhuhuri tutazitazama picha pamoja."

Shemeji akanigeukia kwa sauti ya kusikika. "Shemeji, umesikia? Na gundi ibaki langoni."

"Nimesikia," nikasema.

"Atakayetufungulia kwa dua," Mkunga akaendelea, akiwatazama waliokuwa wanacheka hadi wakanyamaza, "ni Mwalimu, kama zamani. Mwenye neno aseme sasa."

Hakuna aliyesema. Nadhani alitaka kunipa heshima. Mola amlipe, alinipa silaha bila kujua.

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimeufikiria mpango hadi mwisho. Shemeji hawezi kumpata kipepeo aliye hai vichakani. Hana subira, na lenzi yake fupi humtaka asogee mno. Chupa ya barafu haitaingia. Basi atawaficha mwilini, ndani ya koti, akishawatoa barafuni pale langoni. Atahesabu: salamu za Mkunga ni fupi, dua ya ufunguzi ni fupi, nikishaitikia Amin ya mwisho naingia kichakani nawatoa wangali wamelala. Ni hesabu sahihi. Ila mwenye dua ni mimi. Na wakati wa dua mikono yake itakuwa imeinuliwa juu mbele ya watu kama mikono ya kila mtu. Hataweza kuutia mkono mfukoni.

Nimecheka peke yangu chumbani. Sijacheka hivyo tangu mama watoto afariki.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Siafu jikoni. Nimewapisha.

Jumapili, 17 Novemba

Jino limeniua tangu Alhamisi. Nilikunywa maji ya karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikasema subira ni nusu ya imani. Asubuhi nusu nyingine ikaisha. Daktari wa meno wa karibu ni mmoja tu.

Alinifungulia ingawa ni siku ya mapumziko. Akanilaza kwenye kile kiti, akawasha taa, akasema, "Fungua kinywa, Shemeji. Leo nimekupata. Huwezi kunijibu."

Nikafungua. Vidole vyake ni vyepesi ajabu. Alipiga sindano nisijue imepigwa. Alikuwa ananizungumzia muda wote, kwa upole, habari za mvua, habari za bei ya pamba ya dawa, kama mtu anayembembeleza farasi. Jino likatoka bila kishindo. Akanionyesha: "Tazama, lilikuwa limeoza hadi mzizini. Umelivumilia vipi, mzee wangu?" Akanishika mkono hadi mlangoni, akanifungulia mwavuli wake.

Nimerudi na shavu limevimba na moyo una hasira zaidi ya jana. Ningependa angeniumiza. Mtu ambaye mkono wake una huruma kiasi hicho, ulimi wake uliipata wapi sumu ile ya siku ya maonyesho? Mwovu mtupu, mtu humsamehe kwa kumdharau. Huyu aliyejua upole akauacha nyumbani, huyo ndiye nisiyeweza kumsamehe.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Nimeirefusha dua moyoni. Nimepata wagonjwa, wasafiri, mayatima, wakulima. Bado fupi.

Jumamosi, 30 Novemba

Imekwisha. Niandike wakati mkono bado una joto.

Mvua ilikatika alfajiri na jua likatoka kali, kana kwamba nalo limealikwa. Bustani ilikuwa inafuka mvuke. Mikoba ilirundikwa langoni. Shemeji alikuja amevaa koti zito.

"Daktari, unaumwa?" Mkunga akamuuliza. "Koti kwenye jua hili?"

"Kifua, mama. Kifua changu hakipendi umande."

Nikatazama kifua hicho. Mfuko wa ndani, upande wa moyo, ulikuwa umetuna. Ningekuwa mimi ningewatia vipepeo mfuko wa nje, penye hewa. Aliwaweka palipo na joto kuliko pote mwilini, kwa kuwa alitaka wasionekane. Nilijua hapo kwamba nimempata.

Watu walijipanga, wanachama mbele, jamaa na majirani nyuma, mdogo wangu akiwa miongoni mwa wanawake kwenye kivuli cha ukuta. Kamera yangu ilikuwa shingoni. Nikainua mikono. Mikono yote ikainuka. Macho yakafumbwa. Yangu sikuyafumba.

Nilianza na sifa za Mola, nikazitaja bila haraka. Nikawaombea marehemu wa chama, mmoja mmoja, kwa kazi zao. Amin. Nikawaombea wagonjwa walio hospitalini na walio majumbani, wanaojulikana na wanaoficha. Amin. Nikawaombea wasafiri wa nchi kavu, wa majini na wa angani. Wajane. Wakulima, wapate mvua ya kutosha. Kisha waashi, wapate mvua ya kiasi. Hapo mtu mmoja alikohoa. Nikawaombea wanafunzi, na walimu wa wanafunzi, na wazazi wanaowalipia wanafunzi. Nikawaombea wenye maumivu ya meno, na wanaowatibu.

"Amin," akasema shemeji, na jasho lilikuwa linamtiririka shavuni. Akaanza kushusha mkono wa kulia, taratibu. Nikapaza sauti: "Na tusishushe mikono yetu, enyi waja wa Mungu, kabla hajatupa!" Mkono ukarudi juu.

"Mwalimu," Mkunga akanong'ona, "wadudu watazeeka."

"Ee Mola," nikasema, "kila kilichofichwa katika vifua vyetu, kitoe nje."

"Amin," wakasema wote.

Koti likatikisika.

Kwanza ilikuwa kama moyo wake umeruka pigo. Kisha kola ikanyanyuka, na kichwa chenye vipapasio viwili kikachomoza chini ya kidevu chake. Kipepeo wa rangi ya chungwa akapanda juu ya kola, akasimama, akaanza kutetemesha mbawa. Wa pili akatokea. Wa tatu akajitupa kutoka kifungo hadi kifungo. Shemeji alikuwa angali ameinua mikono mbele ya Mungu na watu, anatazama chini kwenye kifua chake kama mtu anayemwona nyoka mapajani.

Mimi niliiacha dua pale pale, bila kuifunga. Nikainua kamera. Kwa umbali ule lenzi ndefu haina mpinzani. Nikalenga jicho la kipepeo, nikazuia pumzi. Mkono wangu, huu wa Mzee Gundi, haukutetemeka hata chembe. Nikabofya. Mle ndani nilimwona kipepeo kwa ukali wa wembe, hadi vinyweleo vya shingo. Nyuma yake uso wa shemeji ulikuwa umeyeyuka, mdomo wazi, hauna mwenyewe.

Ndipo watu wakafumbua macho.

"Lahaula! Koti la daktari limeangua!"

"Wameshindwa kungoja foleni ya meno!"

"Vua, daktari, vua, pengine kuna ng'ombe!"

Mkunga akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lile bila kuomba ruhusa, akatoa vikaratasi vilivyolowa na kipepeo mmoja ambaye hakuamka. Akamweka kwenye kiganja, akamwonyesha. "Hivi ndivyo ulivyompata yule wa picha yako ya mwaka juzi? Na wa mwaka jana?" Shemeji akashusha mikono. "Na ya Mwalimu uliyotulazimisha kuiteremsha?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Nilidhani kila mtu hufanya hivi. Picha yake ilikuwa nzuri mno. Nikajua hakuna njia nyingine."

Nililisikia neno hilo, watu wote wakalisikia. Nilikuwa nimelingoja mwaka mzima. Lilikuwa tamu. Siwezi kusema uongo humu: lilikuwa tamu, na nililimeza lote.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua. Watu wananisalimia kwa mikono miwili.

Jumanne, 3 Desemba

Mkunga amekuja na habari: ile picha ya kola ya koti imeshinda, hakuna aliyepinga. Anataka ikuzwe kama mlango na kutundikwa ukumbini. "Uso wa yule utaonekana?" nikauliza. "Utaonekana kwa anayeujua," akasema, "na nani asiyeujua?" Alasiri baba mwingine mwenye bibi harusi akabisha hodi. Wananitaka shahidi Jumamosi. Nimekubali. Jina langu limerudi nyumbani, limekaa kwenye kiti chake.

Kliniki ya shemeji imefungwa tangu Jumamosi.

Ijumaa, 6 Desemba

Mdogo wangu alikuja baada ya swala. Hakuketi.

"Kaka, habari za friji nilikupa mimi."

"Ndiyo."

"Na mume wangu anajua nilikupa mimi. Hajanigombeza. Anaingia jikoni, anafungua friji, anaitazama, anaifunga. Ningependa agombe."

"Alinivunjia jina langu, mdogo wangu. Mwaka mzima."

"Najua. Nilimwambia amekukosea, siku ile ile ya maonyesho, usiku ule ule. Hilo sikuja kulizungumza." Akashika egemeo la kiti. "Jumatatu nalazwa. Nina uvimbe, huku. Wanautoa, kisha ndipo watasema ni wa namna gani. Sikutaka kukusumbua. Siku ile bustanini, ulipowaombea wagonjwa wanaojulikana na wanaoficha, nikasema: kaka yangu amejuaje? Nikaitikia Amin hadi koo likakauka. Nililia, Kaka. Nilitoka pale nyepesi, hata wale vipepeo walipotoka sikuwaona."

Sikuweza kumtazama.

"Sasa nakuuliza, maana nimeusikia mtaa unavyocheka kuwa Mzee alikuwa anavuta muda. Ile ilikuwa dua, au ilikuwa saa ya kungojea?"

Nimefundisha elimu ya dua tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimewaambia watoto kwamba adabu yake ya kwanza ni moyo kuhudhuria. Jumamosi ile ulimi wangu uliwataja viumbe wote, na moyo wangu ulikuwa umekaa ndani ya mfuko wa koti. Niliomba dua ndefu kuliko zote za maisha yangu, na sikumwambia Mungu neno hata moja. Sasa natakiwa kesho nikawe shahidi wa kweli, nami mbele yangu amesimama mwenye haki ya kuujua ukweli huo wa kwanza.

"Ilikuwa saa ya kungojea," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa uzito wa mzigo kabla ya kuubeba. Nilidhani ataondoka. Akavuta mkeka kwa mguu, akaketi.

"Basi iombe tena. Hapa. Na iwe fupi, nimeacha sufuria motoni."

Nikainua mikono. Safari hii nilifumba macho. Maneno hayakuja, yale mazuri yote nilikuwa nimeyatumia. Nikasema tu, "Ya Rabi, huyu ni mdogo wangu. Nimemlea. Mrudishe." Akaitikia Amin. Nikataka kushusha mikono.

"Na yeye?" akauliza. "Atakayekaa mlangoni wakinipasua ni yeye."

Hasira yangu ilikuwa bado haijaenda popote. Ilikuwa kifuani, ina joto. Niliitazama, nikaiacha palepale ilipo, nikamtaja. Sikumsamehe. Nilimtaja kwa jina alilopewa na mamaye, nikamwombea moyo wa kustahimili mlango ule, na miguu ya kuurudia mlango wa kliniki yake.

"Amin," akasema mdogo wangu, akainuka kwenda kuitazama sufuria.

Nimempelekea Mkunga ujumbe: picha haitatundikwa. Sijaifuta, sijafika huko. Na Jumatatu nitakwenda hospitalini, nikaketi benchi moja na shemeji yangu. Tusipokuwa na la kuzungumza, tutanyamaza pamoja.

Nawe uliyefika hapa, Mola akuhifadhi wewe na walio chini ya dari yako, wazima wenu na wagonjwa wenu, mnaopatana na msiopatana. Aijaalie dua yako iwe fupi na moyo wako uwemo ndani yake. Amin.